Ngozi ya Maji

Asubuhi ya Februari, mvua ya Galisia ikipiga vioo kwa ubavu,
mwalimu Uxía Loureiro aligawa bilauri kumi na tisa,
maji kina cha vidole vitatu, matone sita ya rangi ya bluu,
na mirija ya karatasi.
"Pulizeni," akasema. "Msinywe."

Darasa likatokota kama chungu cha maharage.
Bluu ikawa kijani, kijani kikawa kiini cha yai,
wakapiga makofi,
wakaanza kurushiana mirija.

Brais peke yake hakupuliza.
Mrija wake alikwisha kuukunja akauchomeka nyuma ya sikio.
Aliinama, kidevu kwenye ukingo wa kioo,
akayapumulia maji usoni,
haaa,
kama mtu anayesafisha miwani.
Akangoja. Akapumua tena.

Hapo usoni ndipo lilipo jambo.
Maji ya juu hayana wenzao wa kuyashika kwa juu,
basi hushikana kwa pembeni, hukaza,
na kukaza huko ndiko ngozi.
Pumzi inabisha hodi.
Hewa ukaa imenyooka kama rula:
oksijeni huku, oksijeni kule, kaboni kati.
Kuna inayogusa ikarudi ilikotoka.
Kuna inayozama ikaelea humo bila kushikwa na yeyote,
mgeni asiyevua viatu.
Katika mia sita, labda moja
hukamatwa na maji, hupinda mgongo,
na tangu hapo si hewa tena.
Ni asidi, changa, dhaifu,
haiwezi hata kuunguza ulimi,
ila hudondosha chembe moja ya hidrojeni
na rangi huiona.

"Mwalimu! Njoo!"
Utando wa kijani, mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
ulikuwa umelala juu ya bluu.
Kisha ukaanza kuteremka, nyuzi nyuzi,
bila haraka.

Jioni, kwenye chelezo cha kome, alimsimulia mama yake.
Sabela hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa ndani ya kapu.
"Na sisi tunapumulia nini siku nzima?" akasema,
"sisi na malori, sisi na majiko?"
Akabonyeza kome mmoja kwa dole gumba.
Gamba likaitika: ka.

Kulipokucha bilauri ya Brais ilikuwa bado dirishani,
wazi, imesahauliwa,
na maji yake yamerudia bluu.
"Imetoka!" akapiga kelele. "Kumbe hutoka!"
"Hutoka," alisema mwalimu, "ukiiacha kwenye hewa safi kuliko yenyewe."

Kijana akatazama nje: ghuba, mvua,
chelezo zimepangwa kama madawati,
moshi wa kiwanda cha samaki wa makopo umekaa palepale.
Hewa ukaa: na kweli hukaa.
"Na bahari wataiweka dirisha gani?"

Uxía alivua miwani.
Aliipumulia, haaa, kioo kimoja, kisha cha pili,
akabaki ameishika hivyo,
bila kuifuta.