Ufunguo wa Zamu

Binamu yangu Mghoi hupiga simu kutoka Wundanyi
kila mshahara wa manesi unapochelewa.
Hasalimu. "Nyinyi wa Nairobi," huanza,
"mmeuatamia mgao wetu kama kuku aliyeiba mayai."
Nami nimesimama Kaloleni, nyuma ya nyumba za mawe,
ndoo tatu miguuni, mfereji unakohoa hewa.
Namwambia: Mghoi, hata sisi wa Nairobi
tunaingoja Nairobi.

Hucheka. Haamini.
Anadhani anayeuona mnara wa mikutano
kila akitoka kuanika nguo
hawezi kukosa wa kumsikiliza.
Ningemwazima miguu yangu aitembee safari yenyewe:
dakika arobaini hadi mjini,
kisha miaka minne hadi ghorofa ya tisa.

Tulipeleka barua, tukaambiwa haina muhuri.
Muhuri ukapatikana, akakosekana wa kuupokea.
Mwishowe tukaitwa ukumbini kutoa maoni,
tukapewa soda na daftari la kutia sahihi.
Khavere akanyanyua mkono:
je, vali ya maji haiwezi kufunguliwa
na sisi tunaoyanywa?
Mkubwa akainama, akaandika.
Nilikuwa nyuma ya bega lake, niliiona kalamu.
Alikuwa anachora nyumba,
nyumba ndogo yenye dirisha moja.
Na ripoti ya maoni yetu ilikuwa mezani
tangu asubuhi, imechapwa, imebanwa pini.

Fimbo ya mbali, wahenga walishamaliza habari yake.
Hawakuuona ufunguo wa mbali,
ulalao kwenye droo ya mtu aliye likizo
huku mtoto wa Akeyo akilamba mdomo wa jagi.

Basi Akeyo akachukua kipande cha sabuni ya kufulia,
akakikandamiza kwenye kichwa cha vali,
akakibeba mpaka Gikomba amekifunika kwa leso
kama mgonjwa.
Nzioki akafua springi ya lori:
shilingi mia sita, na chai.
Usiku ule tukafungua.
Sauti ile sitaieleza.
Watoto waliamshwa kuoga saa nane za usiku
na hakuna aliyelia.

Kulipokucha, mtu akauliza, polepole, kama anayepima uji:
huyo atakayeushika, ni wa wapi?

Wa wapi.
Tukatazamana, wazaliwa wa Pumwani watupu,
kila mmoja na kitambulisho chenye jina la kilima
au ziwa asilojua njia yake.
Kilima changu mimi nimekikanyaga mara mbili,
zote matanga.

Tukakubaliana zamu. Wiki kwa wiki, mlango kwa mlango,
hata kwa yule muuza mkaa asiyependwa.
Khavere aliandika majina nyuma ya kalenda.

Wiki ya tatu ikawa yangu.
Nikauweka ufunguo chini ya mto. Ulinuka grisi.
Ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka
tulipokuwa tunaushika wengi.
Nikamfikiria jirani wa mlango wa sita,
aliyenipita sokoni kama nguzo ya stima,
nikajisemea: kesho nitachelewa kufungua.
Kidogo tu.
Wanijue.

Nikaketi kitandani, gizani.
Ndipo nilipojua ghorofa ya tisa hujengwa vipi:
haianzi na saruji.

Sikungoja jogoo. Nilitoka na kanga moja,
nikafungua vali kabla sijanawa uso,
nikautundika ufunguo kwenye msumari wa nje
ambapo yeyote anaweza kuuona, na kuuiba pia.

Kisha nikampigia Mghoi, mimi, kwa salio langu.
Nikamuuliza: zile pesa zikifika huko Wundanyi,
ufunguo analala nao nani?

Akanyamaza.
Nilisikia kuku wake, na mtu anapasua kuni.
Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze,
akanisalimu.