Nondo Hali Nailoni

Mwalimu Kasele kaniletea picha:
askari sita mbele ya boma, mwaka umekwaruzika,
mmoja kafumba jicho moja kwa jua.
"Huyu," akasema, "wa pili kutoka kushoto.
Nataka koti lake. Si mfano wa koti. Koti."
Akaacha elfu thelathini za kuanzia
na kikaratasi: sufu tupu, nzito,
rangi kati ya nyasi za Agosti na vumbi la Isevya.

Mimi ni fundi wa sare za shule na magauni ya kipaimara.
Sufu niliijua kama nijuavyo theluji,
kwa jina.

Kariakoo wakanitumia mita nne kwa basi,
zimekunjwa ndani ya kiroba cha sembe.
"Sufu ya Uturuki, dada, wallahi."
Nikachomoa uzi, nikauwashia kiberiti.
Sufu ya kweli huungua kwa shingo upande,
hujikunja, hujizima,
hunuka nywele zilizoguswa na pasi,
na majivu yake ukiyafinya ni unga.
Huu ulilia machozi meusi, ukaganda
shanga ngumu juu ya ukucha wangu.
Nikamjibu: wallahi yako imeyeyuka.

Jumamosi, robota zikipasuliwa sokoni,
wauza mitumba wakanionya wakicheka:
"Ficheni mali, Mama Kiberiti huyo!"
Nikanusa makoti ya wazungu waliokwisha kunenepa,
mikono, kola, mapindo.
Yote nusu kondoo, nusu kiwanda.

Ndipo nikaelekezwa Gongoni, kwa Bi Nyanzala,
mjane wa gadi wa treni ya Kigoma.
Koti lilitoka kwa askari aliyerudi vitani,
mumewe akalipata kwa mbuzi mmoja na nusu debe la asali,
akalivaa usiku kwa usiku, Tabora, Urambo, Uvinza,
taa ya kijani mkono wa kulia.

Alilitandaza kitandani kama mgonjwa.
Sikuwasha kiberiti.
Begani kulikuwa na matundu, madogo, ya duara,
nondo wamekula na kusaza.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu,
nami nikasema kimoyomoyo: ahsante, kikulacho.
Nondo hali nailoni.

"Siuzi," akasema. "Julai najifunika.
Niletee kinacholingana nalo, tutazungumza."

Nikapeleka mablanketi mawili mapya, ya maua.
Akajilaza, akajifunika, akafumba macho.
Nilisikia saa ya ukutani.
Kisha akayakunja, pembe kwa pembe, akanirudishia.
"Yanapasha joto," akasema.
"Hayaelemei."

Nimeshona miaka kumi na tisa.
Hakuna aliyewahi kunitajia kipimo hicho.

Nikarudi kwenye mnada wa hospitali ya misheni,
mablanketi manne ya kijivu, nambari zimetariziwa pembeni,
kitanda cha saba, cha kumi na mbili.
Kiberiti: nywele. Unga. Alhamdulillahi.
Nikaitia sufu sufuriani pamoja na magamba ya mninga
na misumari yenye kutu,
nikakoroga kutwa kwa mchi;
manne yakaingia, yakatoka kama matatu,
yamenywea, yamefungana, yamekuwa ukuta.
Sindano tano zikavunjika.
Nilijaribu koti saa saba mchana, uani,
vifungo vyote hadi kidevuni,
likanichoma shingo kama upupu,
nikamwelewa yule wa picha:
pengine hakufumba jicho kwa jua.

Siku ya maonyesho Mwalimu Kasele alizunguka sanamu
mara tatu, bila neno, akapiga saluti.
Watu wakapiga makofi.

Bi Nyanzala alikuja wakifunga milango.
Akashika upindo, akausugua vidoleni,
akainama akanusa kwapa la yule mtu wa mbao.
"Fundi umeweza," akasema.
Akanusa tena.
"Lakini hili linanuka dawa.
La kwangu linanuka mkaa wa mawe
na karanga za Uvinza."