Kisanduku cha Nne

Bi Gudny Ellingsen alipiga simu saa tatu asubuhi,
na nje, hapa Bodø, bado usiku,
Desemba, gari la kukwangua theluji
likikohoa mtaani.

"Fomu yenu imenikataa."
"Kisanduku gani, mama?"
"Sema kwa nguvu. Betri za sikio zimekufa,
na ndizo hizo hizo ninazoziomba."
"KISANDUKU GANI?"
"Cha nne. Mahali unapoishi."
"UNAISHI WAPI?"
"O."

Nikangoja. Nilidhani ameshtuka,
labda maziwa yamefurika jikoni.
"O," akarudia, kama anayemfunza mtoto irabu.
"Kijiji changu. Mwisho wa barabara.
Huandikwa kwa herufi moja, Å,
a yenye kiduara kichwani.
Maana yake kijito. Basi, hakuna zaidi."

Nikafungua msimbo. Sheria zilikuwa nne,
zimeshonwa pamoja kwa neno dogo:
kisiachwe wazi, na
kiwe na herufi mbili au zaidi, na
ziwe herufi za alfabeti tu, na
jina liafikiane na namba ya posta.

Nazijua kama mtu ajuavyo makovu yake.
Ya kwanza ilizaliwa na fomu.
Ya pili aliileta Asbjørn, baada ya mtu
kujaza "k" katika kila kisanduku
na kupelekewa kiti cha kuogea.
Ya tatu ni yangu: alama moja ya kuuliza
iliziba printa ya lebo Ijumaa nzima.
Ya nne ilishuka kutoka juu, kwa barua,
haikusema kwa nini.
Kila moja tuliijaribu peke yake.
Kila moja ikawaka kijani.
Hakuna aliyezitia zote nne chumba kimoja
tuone kama zitamwachia mtu pa kukaa.

"Nimejaribu," Bi Gudny alikuwa akiendelea,
hanisikii wala hanisubiri.
"Niliandika Å, ikasema fupi mno.
Nikaandika ÅÅ, ikasema hakuna mahali kama hapo,
jambo ambalo ni kweli.
Nikaandika Aa, kama babu alivyoandika
kabla wakubwa hawajabadilisha tahajia:
ikakubali urefu, ikakubali herufi,
posta ikakataa.
Nikaacha wazi. Ikasema lazima.
Lazima nini, binti? Niwe natoka kwingine?"

Ajabu ya na.
Mdomoni hukusanya: kahawa na mkate,
mimi na wewe. Hata kumiliki huanzia hapo,
nina nyumba, nina paka, nina sikio moja zima.
Katika msimbo hupunguza.
Kila na mpya, kuna mtu
anayebaki nje kwenye theluji
akigonga.

Nilibadili pahali pamoja tu.
Herufi mbili au zaidi, au
jina limo katika orodha ya vijiji.
Nikaizungushia mabano hiyo au,
maana bila mabano ingemwachia mlango
hata yule wa "k".
Kisha nikazijaribu zote kwa pamoja.
K, ikagoma.
Bodø, ikapita.
Å.
Nikaitazama ile kijani
muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"JARIBU SASA!" nilipiga kelele,
Asbjørn akamwaga kahawa yake.
Upande wa pili, kidole kimoja kikitafuta kitufe.
Saa tatu na dakika arobaini fomu ikaingia,
kisanduku cha nne kikiwa na herufi yake moja
katikati ya weupe wote ule.

Jumanne ya pili akapiga tena.
Nikajaza kifua hewa: "BI GUDNY!"
"Polepole," akasema, "nasikia.
Nakupigia kuhusu kisanduku cha tano."