Tanbihi, Ukurasa wa 214

Maktaba ya wilaya, Mississippi.
Rafu ya historia ya hapa ni fupi:
vitabu tisa vya pamba na majenerali,
kimoja chetu, jalada limechanika.

Verlene Tisdale anavua miwani, anaivaa tena.
Baba yake yumo. Si katika sura;
yumo chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
"Mkulima mmoja, E. Tisdel, hakuandikishwa kupiga kura."

Hakuandikishwa! Na zile safari saba
kwa viatu vya kuazima hadi mahakamani?
Karani aliuliza kipande cha sabuni kina mapovu mangapi;
baba akamjibu, Lete beseni, bwana, tuhesabu.

Hilo halimo.
Halimo trekta lililochukuliwa Jumatatu yake,
wala mama, akimenya viazi, kimya,
viazi vingi kuliko watu wa nyumba ile.

Mwandishi alikuja na kinasa sauti,
akaaga kabla ya chakula.

Kuchora kitabu cha maktaba ni kosa.
Anajua. Alifundisha miaka thelathini na minne.
Anatazama kaunta,
anatoa penseli,
na pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni:

Elzie Tisdale. Mara saba.