Tunguu Jokofuni

Heldur alinunua matatu, kwenye kifuko cha karatasi,
makavu, meusi, kama mavi ya mbuzi,
kwa bei ya mkate mmoja.
"Usiyafukie," akasema. "Yalaze tu mchangani,
nusu nje, yapate kupumua."

La kwanza lilielea, likaelea, likatushinda.
La pili lilioza; hodhi likanuka yai viza
na konokono wakahamia kona ya mbali.
La tatu likatoa ncha ya kijani,
uzi unaotafuta tundu la sindano,
likarefuka sentimita tano kwa usiku mmoja,
nje Tartu ikiwa theluji mpaka kwenye madirisha.

Novemba majani yakaanza kutoboka.
Heldur akayanyoa yote kwa mkasi wa kucha,
akalitia tunguu kwenye kopo la siagi,
akaliweka jokofuni, kati ya haradali na samaki wa chumvi.
"Limechoka tu," akasema.
Mwenyewe alikuwa akikohoa.

Mkwe wetu Rasmus nusura alikaange na mayai,
alidhani kitunguu.
Nikampokonya kisu:
aliyelala usimwamshe!

Sasa ni Machi. Hakuna wa kunisomea kipimajoto.
Nimelirudisha majini peke yangu,
nusu nje, kama alivyosema.
Leo siku ya tisa. Samaki wanapita juu yake
kama wapita njia.
Nimevaa miwani yake, nimepiga magoti mbele ya kioo.
Pale ubavuni pana nukta.
Huenda ni uchafu.
Sijalifuta.