Gramu Mia Saba

Bi Mkasi Faki aliponiona mlangoni, mtungi begani,
alinikaribisha vizuri,
kisha akachungulia nyuma yangu
kumtafuta fundi.

"Fundi ni mie. Salhiya, wa Bopwe."
"Ala! Basi jaza gesi, mwanangu, kazi ndogo.
Mwaka jana Hafidh alijaza kwa dakika kumi.
Na mwaka juzi pia."

Na mwaka juzi pia.
Ugonjwa niliujua hapo hapo, viatu sijavua.
Gesi si mafuta ya taa, hailiwi na kazi.
Huzunguka ndani kwa ndani, kama damu,
na ikipungua, pana mahali inatoroka.

Chumbani, kitanda kimetandikwa hakijalaliwa.
Rimoti inasoma kumi na sita,
mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo,
na mashine inapumua hewa ya vuguvugu
kumpepea nani, sikujua.

Nikazunguka uani.
Chini ya bati, mvua ya vuli ikiliponda,
mashine ya nje,
na mbele ya feni yake majamvi matatu ya karafuu,
wekundu wa tofali, mikia bado milaini.

Nikamtazama. Akatazama mvua.

"Siku ya tisa leo jua halijatoka.
Zikilala mbichi zitaota ukungu,
na ukungu Shirika halinunui.
Joto hilo si lilikuwa linakwenda bure?"
"Na umeme?"
"Umeme analipa Jabu, yuko Maskati.
Anajua mamaake analala kwa baridi."

Nilizima mashine nikaifungua kifua.
Makonyo yamejipachika kwenye mapezi,
vumbi la karafuu limeganda kama uji.
Nikayatoa kwa mswaki, moja moja,
nikaosha, maji yakatoka rangi ya chai ya mkandaa.
Kisha povu la sabuni, kila nati.
Ya kwanza kimya. Ya pili kimya.
Ya tatu, ya bomba nene, ikaanza kutokota:
tone, tone, kijipovu, kijipovu,
shaba imegeuka kijani, chumvi imeila shingo.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Kuvuja kwa nati, nafuu ya Hafidh.

Gesi iliyobaki nikaivuta mtungini, sikuimwaga.
Nikakata shaba, nikaitanua mdomo upya,
nikakaza kwa spana hadi iliposema basi.
Pampu ikanyonya hewa na unyevu wote,
mshale wa geji ukazama chini ya sufuri.
Nikafunga. Nikakaa kitako.

"Sasa wangoja nini?"
"Nangoja mshale usisogee."
"Unangoja jambo lisitokee?"
"Nusu saa."
Akanisogezea ungo.
Tukachambua karafuu, yeye mikono miwili,
mie jicho moja kwenye geji.
Hakusema neno la Jabu, wala mie sikuuliza
ni miaka mingapi kitanda kile.

Mshale haukusogea.

Nilipoupandisha mtungi juu ya mizani,
Bi Mkasi aliinuka bila kuitwa.
Mtu wa karafuu na mizani hawaachani.
"Yasema kweli hiyo?"
"Sogea uone mwenyewe."
Tukahesabu pamoja, kichwa kwa kichwa,
gesi ikishuka bombani kwa sauti ya mtu anayenyamazisha mtoto:
mia mbili, mia nne na nusu, mia sita na themanini,
na kwenye mia saba nikafunga valvu.
"Hukuongeza hata ya bakhshishi?"
"Ikizidi nayo inaua mashine."
Akaguna. Nadhani alipenda.

Ndani, baridi ikalilalia shuka.
Nje, feni ikatoa pumzi ya moto,
uwani kukanuka karafuu mpaka kooni.

"Majamvi yakae mbali, dhiraa mbili," nikamwambia,
"mashine ipate kupumua."
"Dhiraa mbili," akakubali, akayavuta mbele yangu.
Akanilipa, akanifungia makonyo kwenye gazeti.
"Jabu akikupigia, mwambie nalala vizuri."

Sijafika barabarani,
nikasikia jamvi likiburutwa
kurudi.