Safu ya Tatu

Mimi ndiye katibu wa kikundi, naandika.
Kalamu yangu ya buluu, kofia imetafunwa,
na mvua ya Tukuyu haikuuliza kama tuna kikao,
imekuja tu na kukaa juu ya bati
ikiongea kumshinda mwenyekiti.

Bwana wa mikopo katoka Mbeya mjini na fomu.
Safu ya kwanza: jina la mali.
Safu ya pili: hali yake.
Safu ya tatu: thamani.
"Nitajieni vitu vyenu vya thamani," anasema,
"vile ambavyo vikiondoka mtaumia."
Wanawake kumi na wanne tukaangalia miguu yetu.

Si kwamba maneno hatuna.
Tunayo ya sherehe, tunayavaa na kuyavua.
Tunu ni ya mshereheshaji, siku ya kumuaga bibi harusi,
kipaza sauti kinakoroma: tunawakabidhi tunu yetu!
Kesho yake tunu yuko kisimani na ndoo mbili.
Hazina ni sanduku letu la bati, kufuli tatu,
na funguo zinalala nyumba tatu tofauti
kwa sababu tunapendana.
Lulu ni saluni pale stendi.
Dhahabu ni Chunya: mjomba Ambakisye aliifuata miaka sita,
akarudi na kikohozi na meno yake yaleyale.
Mboni ya jicho, bibi aliniita hivyo mara moja,
alikuwa ananitoa mdudu jichoni.
Na kipenzi? Hilo linasubiri. Ukiwa hai hulisikii.
Linachapwa kwenye fulana nyeupe, chini ya picha,
na fulana ikichakaa inakuwa ya shamba,
kipenzi chetu anainamia viazi,
mgongo umelowa.

Zamu ikafika kwa mama Atuganile.
"Ng'ombe jike mmoja, ana mimba.
Migomba, sijaihesabu, andika mia.
Cherehani, mguu wake unacheza."
Bwana anaandika, anajumlisha, anatabasamu.
"Na blanketi."
"Blanketi?"

Akageuka, akatuonyesha mgongo wake.
La kijivu, pembe moja imeungua na jiko.
Limebeba sita, mmoja akishuka mwingine anapanda,
na wa saba, Lugano, siku tisa.
Kwetu Lugano ni upendo.
Neno hilo hatukulichapa popote. Tulimpa mtoto
ili tulitamke kutwa bila haya:
Lugano, nyonya. Lugano, lala. Lugano, mbona unalia.
Siku ya tisa lilimbeba hadi nyuma ya migomba,
likarudi jepesi.
Mama Atuganile hakuyasema hayo, ninayajua mimi, jirani.
Yeye alisema tu, "Lina joto."

"Bei yake?"
"Halina bei."

Bwana akaitikia kwa kichwa, mtu wa adabu,
sina la kumlaumu, fomu ndivyo ilivyo,
akaandika kwenye safu ya tatu,
taratibu, duara likakutana vizuri:
0.

Nilitaka kuinua mkono.
Nilitaka kusema, ndugu, umesikia sivyo,
kuna kukosa bei kwa kitu kilichotupwa
na kuna kukosa bei kwa kitu ambacho bei
ikisogea karibu inavua viatu.
Lakini katibu haongei, anaandika,
na chai ilikuwa inapoa, na yeye pikipiki yake
inaogopa tope la kushuka Kiwira.

Akaondoka. Ukungu ukamla kuanzia magurudumu.

Daftari letu lina safu moja zaidi ya fomu yake.
Maelezo, imeandikwa juu, na tangu tuanze
hatujawahi kuweka kitu humo.
Nikavuta mstari, karatasi ina unyevu, wino unatanuka:
Blanketi. Lipo. Linatumika.

Nilipoinua macho mama Atuganile alikuwa anaosha vikombe,
na kitukuu cha miezi minne kimelala mgongoni,
mguu mmoja nje, unachezacheza,
kama kuna mtu anautekenya.